Moto Ukigeuka Rangi ya Majani

Kibwana ndiye aliyenipigia simu. Hakusalimia, hakuzunguka. "Redio," akasema, "mtani wangu kazimika. Tunamzika kesho kutwa, kwake Tinde. Njoo na ile kofia yake ya kuchomelea, najua unayo wewe." Nikamuuliza kofia ya nini msibani. "Wewe lete. Msukuma azikwe, Mzaramo nikae kimya kama nimekuja kununua mchele?" Akakata. Redio ni mimi, jina nililopewa ujanani kwa sababu ya mdomo. Kibwana alitoka pwani akaja kutunza stoo Shinyanga mjini, na mpaka leo hajarudi kwao. Aliyekufa ni Masanja, Baba Kulwa, fundi wa kukata vyuma, mtu ambaye nimepigana kwa ajili yake mara nyingi kuliko nilivyopigana kwa ajili yangu. Kofia yake ilikuwa juu ya kabati langu, imefungwa kwenye khanga. Kila tulipohama nyumba mke wangu aliniuliza, hiki kidude tunakibeba mpaka lini, na mimi, Redio mzima, nikakibeba tu.

Mwaka wenyewe ni ule wa mvua za El Nino. Shinyanga tumezoea kuiomba mvua, mwaka ule tukaiomba iondoke. Upande wa Geita kampuni za wazungu zilikuwa zinachimba kutafuta dhahabu, nyingine zinakuja, nyingine zinafunga virago, na kampuni moja iliyofunga virago ilimuuzia tajiri wetu, Bwana Jivan, mashine ya plasma. Bwana Jivan alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya duka ndiyo karakana yetu. Alizaliwa Shinyanga, anaamkia watu "mwangaluka" kuliko baadhi ya Wasukuma wenyewe. Mashine aliipenda kama mtoto wa uzeeni. Unaipa umeme, unaipa upepo wa kompresa, nayo inatema moto mwembamba unaopita kwenye pleti ya chuma kama kisu kwenye papai bivu. Siku ya kwanza mtaa mzima ulikuja kuangalia. Mimi ndiye niliyekuwa naibonyeza iteme moto hewani, bila kukata chochote, ili akina dada wa mgahawani wapige kelele. Sikujua kwamba kila nilipowafurahisha nilikuwa naichoma nozeli bure.

Maana mashine ile ugonjwa wake ni huo. Kwenye mdomo wa tochi, yaani ule mkono wa kukatia, kuna nozeli, kikofia cha shaba chenye tundu dogo kama la sindano. Ndani ya nozeli kuna kijiti cha shaba tulichokiita moyo, na kwenye ncha ya moyo kuna kidoa cheupe kinachong'aa. Hivi viwili ndivyo vinavyoliwa. Ukivitunza vinakaa, ukiwa na pupa vinakwisha kabla ya chai. Na hapo mjini havipatikani, ni mpaka viagizwe Dar. Mwaka ule reli ilikatika, barabara zikawa matope, lori la mzigo likikwama linakwama mpaka dereva anaoa hapo alipokwama. Bwana Jivan naye alikuwa ameshachukua kazi ya matangi ya maji ya kambi moja upande wa Geita. Matangi makubwa, pleti nene. Stoo, mikononi mwa Kibwana, kulikuwa na boksi moja la nozeli na mioyo.

Darasa la kazi ile sikulipata, na Masanja hakulipata. Yeye alikuwa na mkono, mimi nilikuwa na ubishi. Alikuwa fundi wa gesi miaka mingi, mkono wake hautetemeki, na alinikaribisha kazini wakati wengine wananiona mropokaji tu. Tukaisoma ile mashine kwa kuiharibu. Tuliona nozeli ikitema mate, tukagundua ni maji, hewa ya mvua inaingia kwenye kompresa inageuka maji ndani ya tangi. Basi kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, nafungua kizibo cha chini maji yatoke, na mchana tena. Hayakutosha. Nikaenda kwenye kinu cha pamba nikaomba pamba safi isiyo na mbegu, nikaishindilia kwenye kipande cha bomba, nikakiweka njiani upepo upite humo kwanza. Jioni ukiitoa pamba unaikamua kama nguo. Nozeli zikaanza kukaa. Tukajifunza kuanzia kata ukingoni mwa pleti, sio katikati, na ikibidi katikati basi tochi unailaza kidogo cheche zirukie pembeni, zisirudi mdomoni mwake. Tukajifunza kutoigusisha nozeli na chuma. Na ukimaliza kukata, unaachia kitufe lakini upepo unauacha uendelee kupuliza mpaka moyo upoe. "Acha upepo!" Masanja alikuwa akipiga kelele hiyo mpaka wanawe nyumbani wakaidaka, wanaambiana wakipuliza uji.

Halafu kuna lile la rangi, na hilo nililiona mimi. Nilikuwa nimekaa pembeni mbali, nachungulia upenyoni mwa vidole, nikaona moyo ukiwa mzima moto ni wa bluu, na ukikaribia kufa moto unaingiwa na rangi ya majani. Shaba inaungua. Ukiubadilisha moyo hapo hapo nozeli inapona, ukiendelea kidogo tu moyo unakufa na nozeli yake. Niliruka kama nimeokota almasi. Nikamwambia Masanja aangalie, akashusha kofia yake, akaangalia, akaniambia taratibu, "Redio, mimi naona majani tangu asubuhi." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Kioo cha kofia ya kuchomelea chenyewe ni cha kijani! Aliyevaa anaona dunia nzima majani. Kwa hiyo anayekata hawezi kuiona ile rangi. Lazima awepo mtu wa pili, mbali kidogo, anayetupia jicho la pembeni na kulitoa, na ikigeuka apige kelele: majani!

Tulipanga Ngokolo, nyumba moja, chumba changu na chao vimegawanywa na ukuta ambao haukufika juu. Nilikuwa nakula kwao. Mama Kulwa alikuwa ana mtoto mchanga, Shija, anamnyonyesha huku anasonga ugali wa udaga, ule wa muhogo, kwa mkono mmoja, na mwaka ule mboga ikawa mlenda, kesho mlenda, keshokutwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Mvua inapiga bati, tunapiga kelele ili tusikilizane, na mimi sikuhitaji sababu ya kupiga kelele. Mama Kulwa ananiambia, "Shemeji, tafuna kwanza. Maneno hayapoi." Najiuliza siku hizi kama nimewahi kuwa na furaha kama ile ya kukaa kwenye kigoda chao, mchuzi unanitiririka kiwikoni, namwambia Masanja kwamba hakuna fundi kama yeye kuanzia Maganzo mpaka Ushirombo. Yeye anatabasamu anaangalia sahani. Nilidhani anaona raha kusifiwa. Inawezekana alikuwa anaogopa.

Sasa, watu wa kwetu ukiwaonyesha kitu kinachong'aa wanauliza bei. Vijana wa Maganzo, wale wachimbaji wadogo wa almasi, walisikia kwamba kwa Jivan kuna shaba yenye kidoa cha madini ya kizungu. Wakaanza kuja kuulizia mioyo iliyokufa, eti wanainunua. Ilikuwa upuuzi, lakini kwa Kibwana ulikuwa chakula. Siku moja mgahawani, mbele ya watu wote, akasema, "Msukuma mwenzenu kapata mgodi bila kuchimba. Mioyo inakufa asubuhi, jioni anatoka nayo mfukoni. Mtamwona ananunua ng'ombe!" Watu wakacheka. Masanja mwenyewe akacheka, akamjibu, "Na wewe Mzaramo utanichungia, maana mnazi hapa hauoti." Ndiyo utani ulivyo. Mzaramo na Msukuma wanaambiana la kuambiana, kikombe kikiisha limeisha. Mimi sio Msukuma, kwetu ni Ushirombo, na utani huo haukuwa wangu. Nilitakiwa ninywe chai. Badala yake nilimkaba Kibwana shati, chai yake ikamwagika, watu wakatuamulia, na nilipoachiwa sikukaa. Niliondoka mbio mpaka dukani kwa Bwana Jivan, nikagonga meza yake. "Bosi, usimsikilize mtu! Masanja hauzi mioyo! Atakayesema Masanja anauza mioyo aje aseme mbele yangu!"

Bwana Jivan alikuwa anapima misumari kwenye mzani. Akaweka chini. "Nani kasema anauza?"

"Wanasema!"

"Mimi sijasikia." Akaniangalia. "Kumbe inauzika?"

Mpaka leo nalisikia lile "kumbe." Neno ambalo lingekufia kwenye kikombe cha chai mimi nilikuwa nimelibeba mwenyewe mpaka masikioni mwa tajiri. Na nilipoona uso wake umebadilika sikunyamaza, nikaongeza. Nikamwambia boksi lililobaki linamaliza matangi yote, kwa mkono wa Masanja, na lisipomaliza atufukuze wote wawili. Akauliza, "Baba Kulwa, ndivyo?" Nikageuka. Masanja alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni, anatiririka maji ya mvua. Angeweza kusema huyu kijana ana kichaa, boksi halitoshi, tusubiri lori. Ingeonekana sasa ndiyo anauza. Akasema, "Ndiyo, Bwana. Tutajaribu."

Njiani hakunigombeza. Tulikuwa tunaruka madimbwi, akaniambia tu, "Redio, umeshanisemea. Sasa utaniangalilia." Yaani nimwangalilie ile rangi. Nikaapa. Kiapo nilikuwa nacho karibu siku zote.

Siku za mwanzo nilikaa. Nakaa kwenye debe langu pembeni, naangalia, nalitoa jicho, naangalia, napiga kelele majani, anaachia, tunaacha upepo, tunabadilisha moyo, nozeli inasalimika. Boksi lilikuwa linashuka polepole kama chumvi ya nyumba masikini. Lakini kukaa kimya kwenye debe ni kazi ya mtu mwingine, sio yangu. Akipita mtu anacheka, najua anatucheka sisi. Nikisikia jina la Masanja limetajwa mgahawani, lazima niende nikajue limetajwaje. Narudi nikiwa shujaa, nimemjibu fulani, nimemkomesha fulani, namkuta Masanja amekata pleti nzima peke yake na nozeli iko salama. Sikujiuliza iliwezaje kuwa salama. Nilisema tu, mnaona? Mnaona mkono huo?

Jioni moja mvua ilikatika ghafla, na kelele ya bati ilipokoma nikasikia sauti zao upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimelala chali, nasubiri kuitwa chakula. Mama Kulwa alikuwa anasema, "Fungua. Fungua jicho, baba." Mtoto alikuwa analia kidogo. Nikaelewa anamdondoshea maziwa ya kifua machoni, ndiyo dawa waliyoizoea mafundi wa kuchomelea, macho yakiwaka kama yametiwa mchanga. Akamwambia, "Kesho usiinue kofia."

"Nisipoinua nitaijuaje rangi?"

"Si yupo shemeji?"

"Hakai."

"Mwambie basi."

Masanja akasema, "Nikimwambia kwamba watu ndio wanamtoa pale, atakwenda kupigana nao."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha. Nami ningetaka niandike hapa kwamba niliinuka, nikazunguka, nikaingia kwao, nikasema Baba Kulwa nisamehe, kuanzia kesho sitoki kwenye lile debe. Niliinuka, ni kweli. Nilivaa ndala nikakanyaga matope mpaka kwa Kibwana, nikampiga ngumi ya mdomo mlangoni kwake. Niliona yeye ndiye chanzo. Kibwana akatema damu, akaniangalia bila kunielewa. "Mimi mtani wake," akasema. "Wewe ni nani yake?"

Asubuhi yake nilikaa debeni mpaka mchana. Mchana Bwana Jivan aliniita dukani kwa sababu ya ile ngumi, nikabishana naye muda mrefu, nikitetea heshima ya Masanja, na heshima yangu pia nikiipachika humo humo. Nilipokuwa narudi niliingia karakana kwa nyuma. Masanja alikuwa anakata. Mkono mmoja umeshika tochi, na kila baada ya muda anatupa kichwa nyuma, kofia inapanda juu, anautazama moto kwa macho yake mawili, halafu anaishusha tena. Alifanya hivyo kwa mazoea, kama mtu anayefukuza nzi. Machozi yalikuwa yanatiririka mpaka kidevuni. Nilipiga kelele majani, na moto ulikuwa bado wa bluu. Akaachia kitufe. Upepo ukaendelea kupuliza. Akasema, "Asante, Redio. Nilikuwa sijaiona."

Matangi yalikwisha, boksi likabakiwa na nozeli moja. Bwana Jivan alimchinjia mbuzi, akasimama mbele ya wote akasema alimdhania vibaya na anaomba radhi, na watu wakanipigia mimi makofi kwa sababu ndiye niliyemtetea. Nilikula ile nyama. Wakati wa kuvuna mpunga, Masanja aliniomba nimsomee jina la basi lililokuwa limesimama mbele yetu. Baadaye mistari yake kwenye pleti ikaanza kupinda, yeye ambaye alikuwa anakata duara bila kuchora kwa chaki. Bwana Jivan alimpeleka hospitali, daktari akasema maneno mengi, mojawapo kwamba huenda macho yale yalikuwa na kasoro yake hata kabla ya moto. Nimelishika hilo neno miaka mingi, nikiligeuza huku na huku kama wale vijana na vidoa vyao vya madini. Halijawahi kununulika. Masanja akarudi Tinde kulima. Kofia akaniachia mimi, na mashine pia nikaachiwa mimi.

Kazi iliyobaki ya maisha yangu ilitoka hapo. Migodi ilipokuja kweli Geita, niliitwa huku na huku, Redio yule wa nozeli, mtu ambaye boksi moja linamkalia wakati wengine wanamaliza matatu. Nimefundisha vijana wengi. Nawaambia maji, nawaambia pamba, nawaambia acha upepo. La rangi nawaambia pia, na anayeacha debe lake namtimua kazini siku hiyo hiyo, hata akipiga magoti, na wananiita mkali. Tinde nilikuwa nakwenda, napeleka sukari, napeleka dawa za macho. Masanja ananijua kwa hatua. Anawaambia wageni, "Huyu ndiye aliyenitetea kwa Jivan." Mara moja nilijaribu, nikasema Baba Kulwa, mimi sikukaa kwenye debe. Akanijibu, "Nani angeweza kukufunga kwenye debe wewe?" akacheka, akaomba nimweleze mashine za siku hizi zikoje. Hakunisamehe kwa sababu hakuona pa kunisamehe, na mimi nimekaa nalo hivyo.

Basi tukamzika. Watu wengi, jua kali, Kulwa na Doto ni wanaume watu wazima, Shija ana watoto. Jeneza lilipofika kwenye shimo, Kibwana, mzee sasa, mdomo wake una pengo nililoliweka mimi, akajilaza juu ya udongo akasema hazikwi mtu mpaka Wasukuma wamlipe. Wakamtupia sarafu, akalalamika ni ndogo, watu wakacheka na machozi yao. Ndiyo kazi ya mtani. Halafu akanyoosha mkono kwangu, nikampa kofia. Akaivaa. Akaokota kijiti, akakishika kama tochi, akainama pembeni ya kaburi akaanza kukata udongo, "ssssss," vilevile kabisa, bega la kushoto limeshuka kama la Masanja. Akatupa kichwa nyuma, kofia ikapanda, akaangalia, akaishusha. "Ssssss." Akaitupa tena. Waliokuwa wanamjua marehemu walianguka kwa kicheko, hata Mama Kulwa alijifunika khanga mabega yakitikisika.

Kibwana hakuacha. Alikata, akakata, kicheko kikapungua, kikaisha, naye bado "ssssss," sauti inakauka, ni mzee, pumzi hana. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo alipoishusha kofia akaacha kuiinua, akaendelea kukata huku uso wake, nyuma ya kile kioo, umegeukia upande wangu. Nikajua anasubiri nini. Mama Kulwa naye alijua, kwa sababu alitoa khanga usoni akaniangalia, akasema taratibu, "Shemeji."

"Majani!" nikapiga kelele. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ndege wakaruka shambani. "Majani! Baba Kulwa, majani! Achia!"

Kibwana akaachia kijiti. Lakini hakuinuka, alibaki ameinama mkono ukiwa wazi juu ya kaburi, na mmoja wa wale mapacha, sijui Kulwa sijui Doto, akasema kwa sauti ya baba yake, "Acha upepo." Tukasimama hivyo wote, tukiuacha upulize, mpaka Kibwana akaivua kofia akanirudishia, na vijana wakashika makoleo.